Umeme baada ya kidato cha nne: amali Daya, Karume Mbweni, au kwa fundi?

Mzazi wa Mtambwe
Assalaam alaykum. Kijana wangu kamaliza kidato cha nne, ana pasi nne, hesabati D na fizikia D. Kashikilia umeme, hataki kusikia kitu chengine. Njia zipo tatu: kituo cha mafunzo ya amali hapa Daya, Pemba, jirani na kwetu, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume kule Mbweni, Unguja, akae kwa ami yake Kwerekwe, au afuate fundi mmoja wa Wete aliyekubali kumchukua bila ya malipo. Mama yake hataki avuke bahari. Wanaojua nisaidieni.

Fundi Chake
Waalaykumu salaam. Kwa fundi peke yake usimpeleke, nakuomba. Napokea vijana waliofunzwa hivyo. Kupitisha waya wanajua, swichi na soketi wanafunga vizuri, lakini ukiwauliza kwa nini breka, ile swichi inayojizima umeme ukiwa na hitilafu, inakatika kila mvua ikinyesha, wanabadilisha breka. Ethi, waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, wanaiona ni waya wa kujaza nafasi tu. Na sisi tunaishi na hewa ya chumvi, viungo vya waya vinaliwa na kutu mapema. Ethi ikikatika, hita ya maji bafuni inaweza kumuua mtu. Hilo afundishwe na mtu mwenye vifaa vya kupimia, si kwa kubahatisha.

Amali inakwenda ngazi ya 1 mpaka ya 3, na sehemu kubwa ni karakana. Kazi Pemba ipo. Tangu 2010 umeme ulipotufikia kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, kila nyumba mpya inataka fundi.

Msomi Mbweni
Naheshimu maneno ya fundi, ila Karume msiipite haraka. Pale anasomea astashahada, akiendelea anapata stashahada, ngazi ya 4 hadi ya 6 chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Atasoma saketi kwa hesabu, mota za fezi tatu, michoro. Hoteli kubwa za Nungwi na Paje zina majenereta, pampu na viyoyozi vya jengo zima, na anayesimamia mitambo hiyo lazima ajue kusoma mchoro. Kwa D ya hesabati mwanzo utamuwia mzito, lakini akijibidiisha atauvuka.

Bi Mkubwa wa Wete
Ada sizo zinazomchosha mzee. Hesabuni boti, daladala na chakula cha kila siku. Ami yake naye ana watoto wake.

Fundi Chake
Msomi, sikatai. Ninachosema ni kuwa Daya haimfungii Mbweni. Akimaliza ngazi ya 3 na cheti chake cha kidato cha nne anacho, anaweza kuomba astashahada, na atafika akiwa mikono yake imeshazoea kazi. Masharti ya kozi yenyewe aulize chuoni, maana kila kozi ina masomo inayoyataka.

Mkufunzi wa Karakana
Nimefundisha amali, kwa hivyo naongeza hili. Kabla ya kulipa chochote, nenda Daya siku ya kazi na uombe kuingia karakana. Tazama wanafunzi wangapi wanagombania meza moja, na kama mita na mashine zinatumika au zimefunikwa vumbi. Uliza mafunzo kazini wanapelekwa wapi, na kama nafasi za uanagenzi zipo, yaani kijana anagawa muda wake baina ya chuo na kazi. Na yule fundi wa Wete msimwache! Likizo zote kijana awe naye. Chuoni atafunga saketi kwenye ubao safi. Kwa fundi atakutana na nyumba kongwe ambayo waya zake wamezishika watu watano.

Mzazi wa Mtambwe
Allah awalipe. Jumatatu tunakwenda Daya, mimi na yeye. Mama yake kafurahi. Kijana anauliza, viyoyozi navyo atavigusa?

Mkufunzi wa Karakana
Mafriji na viyoyozi ni fani yake mbali. Aanze umeme, hiyo itamsaidia pote.