Mausi kwenye PS4 inanata ikimfikia adui: nibadilishe DPI au nizime msaada wa kulenga?

kijiti_kulia
Wakuu habari zenu. Nina PS4 Slim, mausi ya waya inayofika DPI 6400 (hesabu za mwendo kwa kila inchi), kibodi, na adapta inayoifanya konsoli iamini kwamba nimeshika pedi. Mchezo ni Apex Legends, wa kufyatuliana risasi. Nikizungusha kamera pasipo na mtu mambo ni safi. Alama ya kulengea ikimkaribia adui mausi inakuwa nzito, kisha ikimpita inafyatuka. Nimepandisha DPI kutoka 800 hadi 1600, imefyatuka zaidi. Nikishusha, nikipigwa kutoka nyuma siwahi kugeuka. Hii ni DPI, adapta, au msaada wa kulenga? Na nikiuzima nitapoteza nini? Naomba namba, siyo "jaribu tu".

fundi_pedi
Ni msaada wa kulenga, mkuu, na hakuna DPI itakayouondoa. Angalia kazi inavyopita: mausi inahesabu mwendo, adapta inaugeuza kuwa msukumo wa kijiti cha kulia, mchezo unasoma kijiti, halafu ndipo unapunguza kasi ya kamera ukikuta adui yuko ndani ya duara lake lisiloonekana. Breki iko mwisho kabisa wa mstari. Chochote unachoongeza kwenye mausi kinaongezeka pia nje ya duara, ambako hukuwa na tatizo.

Tuseme duara linapunguza kasi kwa 40%. Sentimita 10 za mausi zilizokuwa zinakugeuza nyuzi 90 sasa zinakupa 54. Mkono unahisi uzito, unasukuma zaidi, alama inatoka nje ya duara, kasi inarudi yote kwa mara moja. Ni sawa na kusukuma mkokoteni kwenye mchanga halafu gurudumu likapanda lami. Mwenye pedi haoni shida kwa sababu yeye anaamua kasi: ameshikilia kijiti kwa pembe ileile na kamera inapungua yenyewe. Wewe wa mausi unaamua umbali, na msaada unauharibu umbali huo katikati ya mwendo.

Kwa hiyo mpangilio wa kurekebisha ni: mchezo kwanza, adapta pili, mausi mwisho. Watu wengi wanaanza na mausi kwa kuwa ndiyo iko mkononi.

pwani_fps
Nakazia alichosema fundi. Ila kabla ya namba yoyote: kama adapta yako ina wasifu maalumu wa Apex, yaani mipangilio iliyoandaliwa tayari kwa mchezo huo, soma wasifu huo unataka mipangilio gani ndani ya mchezo na uiweke hivyohivyo, tarakimu kwa tarakimu. Hesabu ya adapta imejengwa juu ya mipangilio hiyo. Ukibadilisha kitu kimoja ndani ya mchezo bila kuiambia adapta, mwendo wa polepole na wa haraka havitakubaliana tena, na utalaumu msaada wa kulenga bure. Namba tutakazotoa hapa ni za anayepanga mwenyewe kuanzia sifuri.

kijiti_kulia
Yangu haina wasifu wa mchezo wowote, ina sensitiviti tu na mkunjo wa kuchora kwa mkono. Nipeni za kuanzia sifuri.

fundi_pedi
Sawa. Ingia mipangilio ya pedi ndani ya Apex, fungua sehemu ya mipangilio ya kina inayoitwa Advanced Look Controls, ukubali kuitumia. Humo ndani:

Deadzone, lile eneo la katikati ya kijiti ambalo mchezo unalipuuza, iwe 0. Hapa ndipo mwendo mdogo unapopotelea. Pedi ya PS4 inaeleza kila mhimili wa kijiti kwa namba 0 hadi 255, kati ikiwa karibu 128. Maana yake kila upande una hatua kama 127 basi. Deadzone ya 10% inameza hatua 13 za mwanzo, ambazo ndizo za kulenga kwa upole.

Outer Threshold iache chini, asilimia chache tu. Hiyo ni sehemu ya mwisho ya kijiti inayohesabiwa kuwa kimefika ukingoni.

Response Curve iwe 0, yaani mstari ulionyooka. Ule mkunjo wa kawaida unafanya msukumo mdogo uwe mdogo zaidi na mkubwa uwe mkubwa zaidi. Kidole gumba kinaupenda, mausi inauona kama kuongezewa kasi.

Turning Extra Yaw (kushoto na kulia) na Turning Extra Pitch (juu na chini) zote 0, pamoja na Ramp-up Time na Ramp-up Delay. Usiruke hii. Mipangilio hiyo inaongeza kasi ya kugeuka baada ya kijiti kukaa ukingoni kwa muda fulani. Kwa mausi maana yake umbali uleule utakupa nyuzi tofauti kutegemea ulisukuma kwa muda gani, na mkono hauwezi kukariri kitu kama hicho.

Yaw Speed na Pitch Speed za kawaida, usipochungulia darubini, peleka 500, ndiyo mwisho wake. Kijiti kina ukingo, mausi haina. Ukisukuma mausi haraka kuliko kasi ya juu ya mchezo, ziada inatupwa tu. Mchezo unaogeuka nyuzi 240 kwa sekunde hautakugeuza nyuma chini ya robo tatu ya sekunde hata ukitumia mausi ya bei gani.

Kwenye hizohizo za wakati wa kuchungulia, hapana, usiweke 500. Anza na 250.

risasi_kavu
Hapo kwenye 250 sikubaliani. Kila mwongozo unasema ukiwa na adapta weka kila kitu juu kabisa, adapta ndiyo ishushe.

fundi_pedi
Adapta inashusha kasi lakini haiwezi kuongeza idadi ya hatua, mkuu. Gawanya mwenyewe: tuseme 500 ni nyuzi 500 kwa sekunde, na kijiti kina hatua 127. Hatua ndogo kuliko zote ni karibu nyuzi 4 kwa sekunde. Kwa adui aliye mita 50 huo ni mwendo wa kama mita 3.4 kwa sekunde, na hakuna wa polepole zaidi ya huo. Kutaka upole zaidi, adapta italazimika kuwasha na kuzima hatua hiyo moja harakaharaka, na ndiyo mtetemo unaouona ukifuatilia mtu wa mbali. Kwa 250 hatua inashuka hadi karibu nyuzi 2. Kugeuka nyuma huku unachungulia ni nadra, kulenga ni kila sekunde. Anayecheza na bunduki za karibu pekee anaweza kupanda hadi 350, sawa, lakini 500 huku unachungulia ni kujinyima hatua ulizonazo.

risasi_kavu
Hesabu imekaa. Basi adapta iwe na sensitiviti mbili, ya kawaida na ya kuchungulia, zibadilishwe na kitufe kilekile cha kulengea.

pwani_fps
Naam, na ucheleweshaji wa kubadilisha uwe sawa na muda wa silaha kupanda machoni. Ukibadilika papo hapo wakati bunduki haijafika machoni, nyuzi chache za mwanzo zitakwenda na sensitiviti isiyo yake.

Sasa DPI. Kwa adapta, DPI kubwa ni nzuri, ila sababu yake siyo ile iliyokupeleka 1600. Chukua mwendo wa polepole, sentimita 1 kwa sekunde. Kwa DPI 800 mausi inatoa hesabu 315 hivi kwa sekunde. Adapta ikituma ripoti 250 kwa sekunde, kila ripoti inapata 1.26, yaani 1, 1, 1, 2. Kijiti kinarukaruka. Nusu ya mwendo huo, ripoti nyingi zinakwenda tupu. Kwa DPI 3200 kila ripoti inapata 5, mstari unatulia. Weka 3200, kasi ya mausi kuripoti 1000 Hz (mara 1000 kwa sekunde), halafu sensitiviti ya adapta igawanye kwa 4 ikilinganishwa na ile ya 800. Ulipotoka 800 kwenda 1600 bila kugawanya kwa 2 ulipandisha sensitiviti mara mbili, ndiyo maana ikafyatuka.

Sijakuambia 6400 kwa makusudi. Mausi nyingi za bei ya chini zinafika namba hiyo kwa kuzidisha hesabu, siyo kwa kuona zaidi, na utaona kutetemeka ukichora mstari wa mlalo.

Kingine: PS4 haiwezi kuendesha programu ya mausi. Panga DPI na Hz kwenye kompyuta, hifadhi kwenye kumbukumbu ya mausi yenyewe, chomoa, chomeka tena kwenye kompyuta nyingine uone kama zimebaki. Mausi isiyo na kumbukumbu inarudi kwenye namba za kiwandani ikitoka kwenye ile programu, na mtu anabaki kubishana na mipangilio ambayo haipo.

kijiti_kulia
Asanteni sana. Nimeweka yote. Mbili: kamera sasa inateleza kushoto polepole hata nisiposhika mausi. Na huo msaada, niuzime au niuache?

fundi_pedi
Kuteleza ni pedi yako. Adapta inaihitaji pedi halisi ili konsoli ikubali, na nyingi zinapitisha vijiti vyake pia. Kijiti kilicholegea kilikuwa kinafichwa na Deadzone. Umeiondoa, sasa kinaonekana. Tafuta kwenye adapta pa kuzima vijiti vya pedi. Kama hapapo, panda Deadzone hatua moja moja hadi kuteleza kukome, usizidishe hapo, kisha kwenye mkunjo wa adapta inua mwanzo wa mstari kwa kiasi hichohicho ili mwendo mdogo uruke lile eneo.

Kuhusu kuuzima: ndani ya Advanced Look Controls kuna Target Compensation, ndiyo swichi ya msaada wa kulenga. Kabla ya kuamua, pima kwenye uwanja wa mazoezi, hivi:

Zima Target Compensation. Tazama alama moja ukutani, weka rula kando ya mausi, zunguka mzunguko mmoja polepole hadi urudi palepale. Andika sentimita. Rudia kwa haraka. Zikilingana, mipangilio yako ni safi. Haraka ikihitaji sentimita nyingi zaidi, unagonga ukingo wa kijiti: punguza mwendo wa mkono au pandisha Yaw Speed kama bado ipo nafasi. Haraka ikihitaji chache, kuna mkunjo au Ramp-up imebaki mahali.

Zikishalingana, washa msaada, simama mita 10 hivi kutoka kwa sanamu, vuta alama ipite kifuani mwake kwa mwendo mmoja. Utaona inapoingia mchangani na inapotoka. Rudia ukiwa mbali. Kisha fanya hivyo huku unatembea kushoto na kulia.

risasi_kavu
Huo mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kuna misaada miwili. Mmoja ni breki, unakupunguza. Mwingine unakuzungusha kumfuata adui, na katika michezo mingi huamka ukisogeza kijiti cha kushoto. Kibodi haina nusu: A au D ni kijiti kimesukumwa hadi mwisho, hivyo ukitembea pembeni huo wa pili uko kazini muda wote. Ukikaa kimya unapima breki peke yake. Ndiyo maana mtu anasema "leo haunati, jana ulinata" wakati hajabadilisha kitu.

pwani_fps
Maoni yangu: kwa mausi, uzime. Breki inakusumbua kwenye kulenga kwa ghafla na kwenye kuhama kutoka adui mmoja kwenda wa pili aliye jirani, maana unalazimika kutoka duara moja kuingia jingine. Utakachopoteza ni ule mzunguko wa kumfuata mtu wa karibu anayerukaruka, na ni kitu kikubwa, sikudanganyi. Lakini utapata uwiano mmoja wa mkono na kamera popote alama ilipo. Baadhi ya adapta zina mpangilio wa kuongeza msukumo kwenye mwendo mdogo ili kupasua duara. Unasaidia kutoka, unaharibu kulenga kwa mbali. Ukiutumia, kidogo sana.

nahodha_squad
Ndugu zangu, mmetoa hesabu nzuri ila hamjamwambia la kwanza. Adapta inaudanganya mchezo kuwa wewe ni mtu wa pedi, unapangiwa wapinzani wa pedi. Kuzima msaada hakubadilishi hilo. Rainbow Six Siege haina kabisa msaada wa kulenga kwenye mechi za wachezaji kwa wachezaji, na bado wenye mchezo, Ubisoft, walileta Mousetrap mwaka 2023: ikikugundua inachelewesha amri zako, na uchelewaji unaongezeka mechi hadi mechi. Call of Duty, kupitia Ricochet, mfumo wao wa kuzuia udanganyifu, mwaka huohuo walianza kuvisaka vifaa hivi: onyo kwanza, ukiendelea unafungiwa. Microsoft nao kuanzia Novemba 2023 wanazuia vifaa visivyoidhinishwa kwenye Xbox, unapata kosa 0x82d60002. Mechi za nafasi (ranked) kaa nazo mbali ukiwa na adapta, kijiti_kulia. Uwanja wa mazoezi sawa.

kijiti_kulia
Nimekupata nahodha. Basi kuna mchezo wa aina hii kwenye PS4 ambao mausi inakubalika bila adapta?

nahodha_squad
Fortnite. Warzone ya PS4 nayo ilitoka na mpangilio wa mausi na kibodi. Chomeka moja kwa moja kwenye USB. Msaada wa kulenga unaondoka wenyewe, na kwenye Fortnite unahamishiwa kwenye kundi la wachezaji wa kompyuta, kwa hiyo tegemea upinzani mgumu.

Namba zako za adapta usizipeleke huko. Hakuna kijiti, hakuna hatua 127, hakuna ukingo wa kasi. DPI 800 au 1600 inatosha, 1000 Hz ibaki. Ile rula ya fundi_pedi itumie tena: weka sensitiviti hadi mzunguko mmoja uchukue sentimita zilezile ulizoandika. Ukibadili DPI kutoka 800 kwenda 1600, sensitiviti ya mchezo igawe kwa 2. Sensitiviti ya kuchungulia ipangie baadaye, mkono ukishazoea hiyo ya kwanza.

Na kama PS4 haioni mausi, chomoa adapta kabisa, usiiache kwenye mlango wa pili, kisha washa konsoli upya mausi ikiwa imechomekwa.