Mliosomea ushonaji mkaingia kiwandani, tupeane uzoefu

MamaZai: Wakuu, salaam. Binti yangu anamaliza ushonaji VETA na anataka kazi kwenye viwanda vya nguo pale EPZ Mabibo, Dar, eneo la viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje. Gauni anashona mwenyewe, kuanzia vipimo hadi pasi. Mliopita huko, mlikuta nini ambacho chuoni hamkufundishwa?

LainiYaJinzi: Hongera mama. Ajue kwanza kwamba gauni zima hatashona. Atapewa kipande kimoja, tuseme mfuko wa nyuma wa jinzi, ataurudia kutwa nzima, na msimamizi anahesabu kila saa. Ukichelewa wewe, mwenzako wa mbele anakaa bure. Cherehani zenyewe zinakimbia mno, ukigusa pedali tu kona imeshapita. Akipata mashine ya umeme, afanye mazoezi ya mistari iliyonyooka, hata kama ni ya kulipia.

Athi_Mekanika: Mimi niko Athi River, Kenya. Nilianza kama opareta, sasa natengeneza mashine, na nawaambia mafundi wa mashine ndio hawapatikani. Mashine ikiruka mishono, wengi hukimbilia kukaza uzi. Anza na sindano! Mara nyingi imepinda, imewekwa vibaya, ama haifai kitambaa hicho. Kitambaa cha tisheti kinataka sindano yenye ncha ya mviringo, ipite katikati ya nyuzi bila kuzikata. Sindano ikiwa sawa ndipo naangalia kama inakutana na ndoano ya chini, ile inayodaka uzi, kwa wakati wake. Yote haya nilifunzwa na mzee mmoja wa matengenezo, si darasani. Na wasichana wanaiweza kabisa.

MezaYaKukatia: Msisahau patani, yaani vielelezo vya kukatia vipande vya nguo. Kiwandani vitambaa vinapangwa tabaka juu ya tabaka na kukatwa kwa pamoja, kwa hiyo ukikosea nusu sentimita umeharibu rundo zima. Chuoni tulichora kwenye karatasi. Kupanua saizi kwa kompyuta nilijifunza baada ya zamu, kwa fundi aliyenihurumia. Kinachoniuma ni kwamba oda nyingi za nje zinakuja na patani tayari, sisi tunabaki kushona. Vijana wafundishwe kuchora patani zao wenyewe.

MamaZai: Nimesoma yote, Mungu awabariki. Hilo la matengenezo limenigusa, maana huyu mtoto alikuwa anafungua cherehani ya bibi yake na kuirudisha tangu yuko shule ya msingi. Kuna kiwanda chochote Dar au Morogoro kinachopokea wanafunzi wa fildi upande wa mashine? Anayejua anielekeze tafadhali, ana nafasi kuanzia mwezi ujao.