Tupeane uzoefu: Tapeli wa simu alikujaje, na ulichomokaje?

Binti Kigamboni:
Wakuu, habari za jioni. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zimezoeleka, hata watoto wanazicheka. Ninachotaka hapa ni simu za kupigiwa, mtu anajua jina lako, anajua kazi yako, anaongea taratibu kama ofisa.

Juzi wamempigia baba yangu, mwalimu mstaafu. "Shikamoo mwalimu, napiga kutoka Hazina, kuna mapunjo yako yameonekana." Akamtajia na shule aliyostaafia, sahihi kabisa. Mzee aliwahi kudai mapunjo kweli, kwa hiyo akakaa vizuri kusikiliza. Ndipo ikaja yenyewe: faili liko mezani, bosi anasaini leo saa tisa, ila kuna kijana wa masjala inabidi ashikwe mkono, laki mbili tu, na asimwambie mtu maana wenzake hawajapata. Kilichomwokoa ni ubahili wake. Akajibu, "Kateni humo humo kwenye mapunjo, mniletee kinachobaki." Jamaa akapandisha sauti, mzee akakata.

Leteni za kwenu.

Mtu wa Bonde:
Wanaopigwa ni wenye tamaa. Mapunjo, bahati nasibu, kujiunga Freemason, pete za utajiri. Usipokuwa na tamaa hupigwi, tusidanganyane.

Mama J Kariakoo:
Mtu wa Bonde, tamaa ipi kaka yangu? Ngoja nikusimulie.

Nauza vitenge, mtoto wangu yuko bweni. Saa nne asubuhi, wateja wamejaa, simu inaita. "Mama Junior, mimi ni mwalimu wa zamu. Junior kaanguka ngazini, hajitambui, tuko hospitali. Daktari anataka akapigwe picha ya kichwa na bila malipo hawamgusi. Ongea naye." Akapokea "daktari", anazungumza kwa haraka, maneno ya kitaalamu mengi, nyuma nasikia watu wanapishana. Nikafungua menyu ya kutuma hela huku mikono inatetemeka.

Sasa, shuleni hakuna anayemwita Junior. Hilo ni jina la nyumbani, na mimi mwenyewe ndiye niliyelibandika kwenye status wakati wa mahafali yake ya darasa la saba. Nikauliza, "Mwalimu, nitajie majina yake matatu ya kwenye rejista." Akanijia juu: "Mama, mtoto anakufa, wewe unauliza majina?" Nikakata, nikampigia matroni. Mtoto yuko darasani, anafanya jaribio la hesabu. Miguu iliisha nguvu, nikakaa juu ya robota la vitenge mbele ya wateja, nikalia.

Watoto wa bweni hawana simu, na hawa watu wanalijua hilo. Namba ya matroni na ya mkuu wa shule nimeziandika kwenye karatasi, nimebandika ukutani dukani, maana ukipata presha hata kwenye simu yako mwenyewe huzioni.

Mtu wa Bonde:
Pole sana dada. Hiyo ya mtoto nakubali. Ya Freemason nabaki palepale.

Wakala Mbagala:
Sisi mawakala tunawaona watu wakipigwa mbele ya macho yetu. Mteja anakuja simu iko sikioni, haikati, namba anaisoma tarakimu moja moja huku anaitikia, "Ndiyo, niko hapa hapa." Kaambiwa asikate, na wakala akiuliza aseme anamtumia ndugu.

Kuna bibi alikuja na kodi ya nyumba kaifunga kwenye pindo la khanga. Nikamdanganya mtandao unasumbua, akae kwenye benchi. Nikaingiza namba mpaka jina likaja, nikamsomea. "Bibi, huyu unamjua?" Hamjui, mwenye nyumba wake ana jina lingine kabisa. Yule wa kwenye simu kasikia, anamwambia hiyo ni laini ya mke wake. Siku zote ni laini ya mke! Nikaomba niongee naye, akakata.

Jina lisipofanana, simama hapo. Hela ikishaingia kwao wanaitoa dakika hiyo hiyo. Ukipiga 100 huduma kwa wateja, mara nyingi unakuta imeshaondoka.

Ngosha Dodoma:
Kuna nyingine haiombi hela kabisa, ndiyo maana watu hawashtuki. Dada mwenye sauti nzuri, "huduma kwa wateja", anakuuliza kama mtandao unakusumbua. Nani hasumbuliwi? Anakuelekeza ubonyeze nyota mbili, 21, nyota, namba anayokutajia, halafu alama ya reli. Hapo umeshazielekeza simu zako zote ziingie kwake. Akiomba WhatsApp wamtajie kwa kupiga simu ile namba ya uthibitisho ya kufungulia akaunti yako, simu inaingia kwake. Mfanyakazi mwenzangu ilimkuta mchana, jioni grupu la ofisi linaombwa hela kwa jina lake, tena kwa adabu kuliko anavyoandika mwenyewe.

Piga *#21# uone kama simu zako zimeelekezwa mahali. Kufuta yote ni ##002#. Na kwenye WhatsApp weka uthibitishaji wa hatua mbili.

Mvita:
Salamu kutoka Mombasa. Huku mtu wa namna hiyo tunasema anapiga kutoka Kamiti, yaani jela.

Mimi nililetewa ujumbe kwamba nimepokea shilingi 4,500. Mara mama mmoja anapiga akilia, ametuma kimakosa, ni pesa za hospitali, nimrudishie tafadhali. Nikaangalia salio, halijasogea hata peni. Tena ujumbe wenyewe ulitoka kwa namba ya kawaida ya simu, si kwa M-PESA. Nikamwambia, "Pole mama, huo ujumbe wako wa kutuma upeleke 456, Safaricom watakurudishia." Kilio kikakatika hapo hapo, akanitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Binti Kigamboni:
Hahaha Mvita! Huku kwetu namba ya tapeli unaituma kwenda 15040. Mimi natuma kila nikipata.

Ila swali langu: laini zote zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama za vidole, ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Hawa wanatumia laini za nani?

Wakala Mbagala:
Za kwako, dada. Unasajili laini kwa kijana wa mwavuli barabarani, anakwambia, "Kidole hakijasoma, rudia." Kidole cha kwanza kilisoma. Cha pili ni laini nyingine kwa jina lako, anaenda kuiuza. Pigeni *106# mwone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu.

Mtu wa Bonde:
Nimepiga sasa hivi. Kuna namba mbili sizijui. Nifanyeje?

Wakala Mbagala:
Usiwapigie. Chukua kitambulisho, nenda duka la mtandao husika, sema hizo si zako zifutwe, uweke kidole. Nenda mapema, foleni ya Jumatatu siyo mchezo.

Mtu wa Bonde:
Moja inaanzia na namba za mtandao ambao sijawahi kuutumia maisha yangu yote. Naenda kesho.