Fundi kanilipisha mafuta mapya ya breki ambayo hakuweka. Pedali imezama hadi chini nikiwa spidi 190

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi nipo Uingereza na ugonjwa wangu ni Subaru. Nina Impreza WRX ambayo wikiendi mojamoja naipeleka uwanja wa mbio. Msije mkadhani ni mashindano. Unalipia siku yako, asubuhi mnaelekezwa bendera na utaratibu wa kupishana, ekzosi inapimwa kelele, kisha unaingia na gari lako lilelile la kwendea kazini. Hakuna anayepima muda, hakuna kombe. Ni starehe ya watu wazima wenye bili.

Safari hii ilikuwa Snetterton, kule Norfolk, Jumamosi na Jumapili. Wiki moja kabla nikalipeleka gari kwa fundi, Mtanzania mwenzetu mwenye gereji yake huku. Jina silitaji, modereta wasije wakaufuta uzi. Nilimwambia wazi, na meseji ninazo: gari linakwenda uwanjani, toa mafuta yote ya breki ya zamani, weka mapya ya daraja la DOT 5.1, toa upepo magurudumu yote manne. Akanijibu, "Kaka, hiyo kazi ndogo sana, ondoa shaka." Nikalipa pauni 140. Risiti imeandikwa hivyohivyo, neno kwa neno.

Snetterton ile ndefu ni karibu kilomita 4.8 kwa mzunguko, na kuna sehemu ndefu iliyonyooka inaitwa Bentley. Pale WRX inafungua kifua. Mwisho wake unakanyaga breki kwa nguvu zote kuingia kona ya Brundle, na hapohapo inafuata Nelson. Mizunguko ya kwanza gari lilikuwa safi kabisa. Baadaye pedali ikaanza kuwa ndefu, inashuka kidogo kabla ya kushika. Nikapunguza, nikanyoosha mkono kuomba nitoke, lakini mlango wa kutokea ulikuwa bado uko mbele. Nafika Brundle nakanyaga, mguu unakwenda hadi kwenye kapeti. Hakuna kitu. Napampu, napampu tena, nashusha gia hadi ya tatu, injini inalia, gari limekwenda moja kwa moja kwenye majani likarusha udongo hadi kioo cha mbele hakionyeshi.

Uwanja ule ulijengwa juu ya kiwanja cha ndege cha Vita Kuu ya Pili, eneo lote ni tambarare na majani ni mengi. Ingekuwa sehemu yenye ukuta karibu, uzi huu angeufungua mtu mwingine, kwenye jukwaa la tanzia.

Sasa sikilizeni kilichonipandisha presha. Nampigia simu nipo palepale, mikono inatetemeka. Ananiambia: "Kaka, wewe umelikimbiza sana gari. Breki za kawaida haziwezi fujo hizo. Umeunguza pedi."

Nimeunguza pedi! Ndugu zangu, pedi, yaani vile vibao vinavyobana diski ya gurudumu, zikiungua pedali inabaki ngumu. Unakanyaga kama unakanyaga jiwe na gari halisimami. Pedali ikizama hadi chini ni mafuta yamechemka. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na maji yanashusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 5.1 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 260. DOT 4, daraja la chini yake, ikiwa mpya ni 230, na ikishafikisha asilimia 3.7 ya maji kiwango chake ni 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kuubonyeza mvuke badala ya kusukuma pistoni za breki. Mnaoshuka Kitonga na semi mnalijua joto hili, ndiyo maana mnashuka na gia nzito badala ya kukalia breki. Kwenye spidi 200 joto la kusimamisha gari ni mara nne ya lile la spidi 100. Fundi wa breki asiyejua hili afungue saluni.

Ushahidi huu hapa. Gari lilipopoa nikafungua gurudumu la nyuma kushoto. Ile nati ya kutolea upepo ina kifuniko kidogo cha mpira. Kifuniko kimeganda na tope la barabarani, tope kavu la miezi, halina hata alama ya kucha. Nikakivuta kikakatika. Chini yake nati ina kutu kwenye kona zote sita, kutu nzima, hakuna hata sehemu moja inayong'aa palipopita spana. Nyuma kulia, vilevile. Mafuta niliyotoa yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Jamaa mmoja Mwingereza aliyeegesha jirani yangu alikuwa na kile kipimo kinachochemsha mafuta, tukaweka, kikasoma nyuzi 161. Mafuta ya wiki moja hayo, wakuu!

Yule Mwingereza, mtu nisiyemjua kabisa, akatoa chupa zake ambazo hazijafunguliwa, akalala chini ya gari langu jioni ile huku mimi nakanyaga na kushikilia. Akakubali hela ya mafuta tu. Jumapili nikaingia tena. Dereva yuleyule, pedi zilezile, Brundle ileile, pedali ngumu kutwa nzima. Nani aliunguza nini?

Nikamtumia fundi picha. Kimya. Baadaye akajibu kwamba kazi ya uwanjani haina garantii, na kwamba mimi napenda kuwaharibia jina watu wa nyumbani. Hapo ndipo niliposema basi. Kila siku tunaambiana huku ugenini tusapotiane, nami ndiyo sababu ya kupita gereji tatu za karibu kumfuata yeye. Kumbe kusapotiana ni upande mmoja.

Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inamtaka afanye kazi kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, na hapa hata kazi yenyewe haikufanyika. Uzuri nililipa kwa kadi ya mkopo, na kwa manunuzi ya zaidi ya pauni 100 kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaibana kampuni ya kadi pamoja na muuzaji. Barua nimeshamwandikia, nimempa siku 14. Nati zote mbili nimezitoa nikaweka mpya, zile za kutu zipo kwenye mfuko na risiti.

Aliyewahi kudai kwa njia hiyo ya kadi aje hapa: walikubali picha na risiti, au walitaka ripoti ya fundi mwingine? Wale wa kuja kuniambia "si ungekaa nyumbani", piteni kimya.