Ushauri: Tupange Mill Woods au katikati ya jiji Edmonton? Mume kapata kazi Nisku

Mama Neema wa Njiro
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni mawazo yenu, hasa mlioko Kanada upande wa Alberta.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, amepata ajira kwenye karakana moja huko Nisku, kusini mwa Edmonton. Makaratasi ya ukaazi yameshatoka. Mwezi wa pili tunatua na watoto wawili, mmoja darasa la nne, mdogo ndiyo kwanza anaanza la kwanza. Mimi ni mhasibu, nitatafuta kazi nikishafika.

Binamu wa mume yuko Toronto, anashikilia kwamba tupange ghorofa katikati ya jiji kwa sababu kila kitu kiko mlangoni. Mama mmoja tunayesali naye ana mtoto Edmonton, yeye anasema Mill Woods ndiko wanakokaa watu wa kipato cha kati wenye familia. Nimeangalia ramani ya satelaiti: barabara zimejikunja kama utumbo, mapaa yote yanafanana, duka silioni.

Tayari kuna mtu ametupatia besimenti ya vyumba viwili, yaani ile sehemu ya chini ya nyumba ya mtu, mahali panaitwa Satoo humo humo Mill Woods. Anataka dipoziti ya miezi miwili tuitume sasa hivi ili atushikie.

Mill Woods ni mahali pa namna gani hasa? Asiye na gari anaishije? Na hiyo hela tuitume?

MzeeWaLori
Ngoja waje wenye jiji lao. Ila hilo la mwisho halina haja ya kumsubiri mtu: usitume.

Mswahili wa Baridi
Karibu sana mleta uzi. Nakaa Mill Woods tangu 2011 na nyumba nimenunulia huku huku, kwa hiyo ukiona navutia kwangu ujue sababu.

Kwanza uache kuiita mtaa. Mill Woods ni eneo kubwa lenye vitongoji zaidi ya 20 ndani yake. Kaskazini inaishia Whitemud Drive, kusini Anthony Henday, ile barabara kubwa inayolizunguka jiji zima. Magharibi ni 91 Street, mashariki 34 Street. Mtu akikwambia "nimekupatia nyumba Mill Woods" hajakwambia kitu bado. Muulize kitongoji gani, na kituo cha treni kiko umbali gani kwa miguu.

Sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa ya Wakri wa Papaschase, wenyeji wa asili wa huku, wakaipoteza serikalini mwaka 1888. Wajukuu wao walipeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada, ikatupwa 2008 kwa hoja kwamba muda wa kudai ulishapita. Kilichobaki kwenye vibao ni majina ya Kikri: Satoo, Ekota, Menisa, Kameyosek, Meyonohk. Baadaye ikawa mashamba, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya mkoa ikayanunua kwa wingi ili viwanja viuzwe kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaimudu. Ndiyo maana utakuta nyumba ya familia moja, nyumba pacha, nyumba za safu na ghorofa fupi vyote kwenye kitongoji kimoja. Hakukupangwa pawe pa matajiri, na hata leo si pa matajiri.

Huo utumbo ulioona kwenye ramani ni wa makusudi. Walitaka magari ya kupita yasikatishe kwenye makazi, na shule ya msingi na kiwanja viwe katikati ili mtoto aende kwa miguu. Wanangu walienda shule bila kuvuka barabara kubwa hata moja. Upande wangu wa kushoto anakaa nesi wa Kifilipino, kulia dereva wa lori Mpunjabi, mbele mzee wa Kizungu aliyeingia nyumba ikiwa mpya na hajahama mpaka leo. Huyo mzee theluji ikianguka usiku, kukikucha ameshaikwangua ya kwake na ya kwangu, na hataki asante.

Halafu usichanganyikiwe na anwani. Mill Woods iko kusini mashariki mwa jiji lakini anwani zote zinaishia NW, yaani kaskazini magharibi. Hesabu ya mitaa yao inaanzia mbali kule pembeni. Ukiandika SE kwenye fomu, mzigo wako haufiki.

Njoki_Nyeri
Dadangu, hapo juu umepewa upande mtamu, sasa sikiza na huu mwingine. Nilikaa Mill Woods nikiwa bila gari na ilinitoa machozi. Duka uliona kule, nyuma ya ua wa jirani, lakini njia inaishia kwa kichochoro kisicho na mlango, kwa hivyo unazunguka mtaa mzima kulifikia. Fanya hivyo na -28, una mtoto mgongoni na maziwa mkononi, kisha uniambie habari ya mipango mizuri ya miaka ya sabini.

Nilihamia Wîhkwêntôwin, zamani ikiitwa Oliver, karibu tu na katikati ya jiji. Naenda sokoni, kliniki na kazini kwa miguu. Nyumba ni ndogo, hilo sikatai.

Mswahili wa Baridi
Njoki, ulikaa kabla ya treni au baada?

Njoki_Nyeri
Kabla. Lakini treni haijanyoosha hizo barabara, ama?

Bukavu_Kwetu
Habari ya wote. Miye ni Mukongomani, natoka Bukavu, niko huku Mill Woods na bibi na batoto. Njoki anasema kweli kuhusu zamani. Lakini treni ya Valley Line ilifunguliwa tarehe 4 Novemba 2023, baada ya kungojwa miaka mingi, na hata nguzo zake zilipata nyufa mbele haijaanza. Sasa inatokea hapa Mill Woods, karibu na maduka makubwa ya Town Centre, inafika katikati ya jiji pale 102 Street. Ni kilomita 13. Tunalipa na kadi ya Arc, na batoto ba miaka 12 kushuka chini banapanda bure kama biko na mukubwa mwenye kulipa.

Mama, pale penye treni inaishia kuko maktaba mupya, kuko piscine ya kuogelea yenye mawimbi, na hospitali ya Grey Nuns ni kituo kimoja mbele. Kama utapata nyumba ya kutembea dakika kumi kufika kituo, hautalia kama Njoki. Kama ni mbali, utalia.

Fundi_Nisku
Naona wote mnazungumzia treni na hakuna aliyegusa kazi ya shemeji. Treni inaenda kaskazini mjini. Nisku iko kusini, njia ya uwanja wa ndege. Valley Line haitamsaidia chochote, na ile laini nyingine ya Century Park haipiti Mill Woods kabisa. Hata mkikaa katikati ya jiji bado atahitaji gari, tena atakuwa mbali zaidi. Kutoka Mill Woods unaingia Henday, unashika barabara kuu namba 2, nusu saa haiishi uko karakanani.

Zamu nyingi za karakana huku zinaanza saa moja asubuhi au kabla. Desemba jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo na linazama saa kumi na robo jioni, kwa hiyo ataondoka giza na kurudi giza. Tafuteni mtu wa kumpa lifti wiki za mwanzo, wachomeleaji tunaokaa kusini tuko wengi.

Kuhusu leseni: mkazi mpya anaruhusiwa kuendesha na leseni ya kwao kwa siku 90, baada ya hapo lazima awe na ya Alberta. Tanzania haimo kwenye nchi ambazo leseni inabadilishwa moja kwa moja, atafanya mtihani wa maandishi na wa barabarani. Aje na barua ya TRA inayoonyesha ana leseni tangu mwaka gani, uzoefu wake utakuwa na ushahidi. Na bima ya gari hapa ni kampuni binafsi, bei inauma. Uliza bima kabla hujapenda gari.

Akienda kuliangalia gari, achungulie mbele kwenye grili kama kuna plagi ya umeme inaning'inia. Watu wageni hudhani waya umechomoka. Huo ndio wa kupasha injini: usiku wa baridi kali unauchomeka ukutani, asubuhi gari linawaka. Kwa hiyo pale mtakapopanga, ulizeni pia kama pa kuegeshea pana soketi. Besimenti nyingi mwenye nyumba anachukua gereji, mpangaji anaegesha barabarani, na waya huwezi kuuvusha njia ya watembea kwa miguu.

MzeeWaLori
Hiyo ya soketi ni dhahabu. Tarehe 13 Januari 2024 baridi ilifika kwenye arobaini, jioni simu za mkoa mzima zikalia kwa pamoja tukiombwa tupunguze umeme maana gridi inazidiwa. Nilikuwa nimechomeka lori. Nikalitazama, likanitazama.

Nesi Zawadi
Mdogo wangu Mama Neema, mimi nataka turudi kwenye hiyo besimenti, maana hapo ndipo wageni tunapoumizwa.

Sheria ya Alberta iko wazi: dipoziti haizidi kodi ya mwezi mmoja. Anayekudai miezi miwili, ama haijui sheria ama anakujua wewe mgeni. Mnapoingia, ndani ya wiki moja kabla au baada, lazima mfanye ukaguzi wa nyumba pamoja na upewe ripoti ya maandishi. Asipoifanya, siku ya kuondoka hana haki ya kukata dipoziti kwa madai ya uharibifu. Watu wengi hawalijui hili na wanaacha hela zao. Ujue pia kwamba kodi hapa haina ukomo wa kupandishwa, ila haipandi zaidi ya mara moja ndani ya siku 365.

Sasa dirisha. Chumba cha kulala cha besimenti lazima kiwe na dirisha ambalo mtu mzima anaweza kutokea moto ukishika ngazi. Uwazi wake usipungue mita za mraba 0.35, na upande wowote usiwe chini ya sentimita 38. Nyumba nyingi za Mill Woods ni za miaka ya 70 na 80, madirisha ya chini yalikuwa ya kupitisha mwanga tu, kama ya stoo. Baadaye mwenye nyumba anaweka ukuta wa jasi na zulia, anakiita chumba. Nimewahi kuingia kumwona mgonjwa kwenye chumba kama hicho: dirisha lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa na theluji mpaka nusu, na kitanda cha mtoto kiko chini yake.

Mwambie akupigie video, afungue dirisha lote, aweke futi ya kupimia.

Mama Neema wa Njiro
Jamani nashukuruni mno, mume anasoma hapa pembeni yangu. Nimemwandikia yule wa Satoo kuhusu dirisha. Amejibu kwamba wapangaji waliopita hawakuwahi kuuliza.

Mengine mawili. Usalama ukoje, maana kuna video nimeona watu wanaisema vibaya Mill Woods. Na shule, tunalipia?

Mswahili wa Baridi
Shule za serikali hulipii ada. Kuna bodi mbili kubwa, ya kawaida na ya Kikatoliki, zote zinaendeshwa kwa kodi zetu. Anwani yako ndiyo inayoamua shule ya mtoto, kwa hiyo angalia shule kabla hujasaini mkataba.

Kuhusu sifa mbaya, Mill Woods imesemwa tangu zamani, sana na wasiokaa huku. Mimi nimeibiwa kifaa cha bomba la moshi la gari, lakini hata wa mitaa ya gharama wanalia kilio hicho hicho. Usiku binti yangu anashuka kwenye treni na ninaenda kumpokea kituoni, sitakudanganya kwamba simpokei.

Na mkifika nendeni kwenye jumuiya ya kitongoji chenu. Edmonton ina utaratibu huo tangu 1917: kila eneo lina ukumbi wake, kiwanja, na wakati wa baridi barafu ya kutelezea ambayo majirani wenyewe wanaimwagia maji. Watoto watajua watu kabla yenu.

Njoki_Nyeri
Chakula pia, niwe mkweli. Hapo Mill Woods inanishinda. Huwa natoka kwangu nakuja huko kununua unga. Kwa maduka ya Wapunjabi unapata ngano ya chapati kwa gunia, dengu za kila rangi, na mihogo ya kugandishwa. Kwa Wafilipino kuna samaki wazima na majani ya mlonge. Unga mweupe wa ugali uko kwa maduka ya Waafrika, uliza wenyeji.

Fundi_Nisku
Njoki umeshaanza kurudi taratibu.

Njoki_Nyeri
Kwa unga tu.

Nesi Zawadi
Mama Neema, kesho niko zamu ya mchana Grey Nuns. Ukinitumia anwani kwa ujumbe wa ndani nitapita Satoo nikitoka, nikaone kwa macho. Pia kuna mama ninayemfahamu anaachia nyumba ya safu Kameyosek, vyumba vitatu, karibu na kituo cha Millbourne/Woodvale. Ni dola 1,750 bila umeme na gesi. Sehemu ya kuegesha iko nyuma, ina soketi.

Mama Neema wa Njiro
Nimekutumia dada. Mungu akubariki.

Nesi Zawadi
Nimetoka Satoo sasa hivi. Nyumba ni safi, mwenye nyumba ni mtu mstaarabu, chai amenipa. Chumba cha wazazi dirisha ni sawa. Cha watoto nimepima uwazi: sentimita 27 kwenda juu. Mimi mwenyewe kichwa tu ndicho kingepita. Nimemwambia, akasema atalibadilisha kiangazi.

Mama Neema wa Njiro
Sisi tunakuja mwezi wa pili, kiangazi ni mbali. Naachana nayo. Ile ya Kameyosek bado ipo?

Nesi Zawadi
Ipo. Anataka barua ya ajira ya shemeji na dipoziti ya mwezi mmoja, ailipwe siku mnakabidhiwa funguo. Video naituma usiku huu nikishapika.