Naomba ushauri: niache kazi ya TSC (tume inayoajiri walimu wa serikali) nikafundishe kwa njia ya Steiner?

Mwalimu_Lanet: Hamjambo wadau. Nafundisha gredi ya tatu hapa Nakuru, watoto 61. Tangu mwaka jana nasoma kuhusu elimu ya Waldorf, ile ya Rudolf Steiner, iliyoanza 1919 huko Stuttgart, Ujerumani, kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Mtoto haharakishwi kusoma mpaka akaribie miaka saba. Asubuhi wanashika somo moja kwa muda wa saa mbili hivi, wiki tatu au nne mfululizo, kisha wanaliacha lipumzike kama shamba. Mwalimu anaweza kupanda na darasa lake hadi miaka minane. Naye hujifanyia kazi: usiku kabla ya kulala anamleta mtoto mmoja akilini, anavyotembea, anavyoshika penseli. Kuna watu wanaanzisha darasa dogo Naivasha, watoto tisa. Mshahara nusu. Niende?

Omera_Kondele: Kiwanda cha sigara? Basi sisi Muhoroni tungeanzia cha sukari, watoto wahitimu na kisukari 😂

MamaWawili: Afadhali hao. Wangu yuko PP2, chekechea tu, jana saa tano usiku nilikuwa nakata katoni za maziwa eti "mradi". Alilala, nikamaliza mimi.

Mstaafu_Kakamega: Nimefundisha miaka 31. Mtoto hulelewa kwa kiboko, hayo ya kumuota usiku ni ya Wazungu.

Wakili_Chipukizi: Mzee, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza kiboko.

Nyar_Ahero: Mwalimu, mtu haachi TSC kwa ajili ya penseli. Kuna nini?

Mwalimu_Lanet: Hakuna kitu. Nimechoka tu.

Nyar_Ahero: Watu 61 wanachosha kila mwalimu. Sema.

Mwalimu_Lanet: Haya. Muhula uliopita nilimpiga mvulana rula kwenye vidole. Alikuwa anageuza b na d. Siku hizi nikipita dawatini kwake anakalia mikono yake. Nilipojaribu lile zoezi la usiku akaja yeye, na nikagundua sijui hata anavyotembea. Naijua mikono tu. Barua ya kujiuzulu nilimpa mwalimu mkuu Jumatatu. Mke wangu bado sijamwambia. Lakini nimepiga hesabu, mkopo wa sacco utalipika, tutapunguza nyama.

Omera_Kondele: Kumbe unataka baraka, si ushauri.

Mpelelezi254: Ngojeni kwanza. Huyu Agosti alikuwa hapa akiuliza bei ya vipuri vya pikipiki, eti ana duka Gilgil. Leo mwalimu?

MamaWawili: Woi! Na mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.

Mwalimu_Lanet: Duka ni la shemeji, hajui kuandika humu.

Mpelelezi254: Huyo mtoto anakaa wapi?

Mwalimu_Lanet: Dawati la pili kutoka mlangoni. Sweta imetoboka kiwiko cha kulia.

Mpelelezi254: Kila sweta Kenya imetoboka kiwiko.

Nyar_Ahero: Awe wa kweli au wa kutungwa, umemwomba msamaha?

Mwalimu_Lanet: Mtoto wa miaka tisa? Naanzaje? Hata Naivasha ningeanza na wengine, wasionijua.

Mstaafu_Kakamega: Mimi kuna wangu mmoja, leo ni dereva wa matatu hapa stendi. Nikipanda hukataa nauli yangu. Mwaka wa nne huu, sijui amenisamehe au ananisuta.