Jeli kwa bibi Myahudi anayeshika kosher (sheria ya chakula ya Kiyahudi), inafaa kweli?

MamaZawadi: Wadau habari zenu, niko New Jersey namtunza bibi mmoja Myahudi, jana nikamtengenezea jeli nyekundu ya pakiti, akachukua pakiti akavaa miwani akasoma nyuma pole pole kisha akaisukuma pembeni, akasema asante lakini hatakula. Imeniuma jamani, si sukari na rangi tu, nyama iko wapi?

Kibwana_77: Dada, nyama iko kwenye gelatini, ile inayogandisha jeli, hiyo huchemshwa kutoka ngozi na mifupa, na mara nyingi ni nguruwe. Na hata ikiwa ya ng'ombe, kama hakuchinjwa kwa sheria yao bado haifai, hapo wengi hukosea wakidhani shida ni nguruwe peke yake.

mpishi_wa_pwani: Marabi wenyewe, yaani wanazuoni wa dini ya Kiyahudi, walitofautiana. Chaim Ozer Grodzinski wa Vilnius aliruhusu gelatini ya mifupa migumu iliyokauka, Moshe Feinstein wa New York akakataa ya mnyama asiye kosher, na wanaoshika sana Marekani wanafuata msimamo huo. Tafuta jeli yenye alama ya kosher ya U ndani ya duara, herufi K peke yake usiitegemee. Nyingi hugandishwa kwa karajinani ya mwani, mwani kama ule mama zetu wa Paje, Zanzibar, wanalima! Pia ipo gelatini ya samaki wa magamba. Na tumia sufuria za bibi mwenyewe tu.

MamaZawadi: Kumbe! Asante sana, kesho napita dukani kabla ya zamu.